Wilhelm Röntgen: Aliyempa daktari jicho la kuona mfupa kabla ya kisu

MTOTO mwenye mguu uliovimba anapoteremshwa kutoka vihamba vya Machame, Kibosho, Marangu au Rombo na kufikishwa katika Hospitali ya Rufaa ya KCMC mjini Moshi, kabla ya kuzungumzwa habari za upasuaji kwa kawaida hupelekwa kwanza katika chumba chenye mlango mzito na alama ya tahadhari ya mionzi. Hulazwa juu ya meza, mguu hunyooshwa, na baada ya dakika chache daktari huwa na picha ya mfupa ambao bado hajaugusa.

Chumba hicho kilizaliwa katika maabara moja ya mji wa Würzburg, Ujerumani, siku ya Ijumaa, Novemba 8, 1895. Mwenye maabara alikuwa profesa wa fizikia wa umri wa miaka 50, mrefu, mwenye ndevu nyingi, mkimya, asiyependa kusifiwa hadharani, na ambaye ujanani aliwahi kufukuzwa shule. Jina lake ni Wilhelm Conrad Röntgen.

Maisha ya mtu huyo yamesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya bahati. Kwa mzazi wa Kilimanjaro anayemuuguza mtoto mwenye usaha ndani ya mfupa, hata hivyo, lililo kubwa zaidi ni tabia yake ya kutosema zaidi ya alichokiona. Picha aliyoigundua huonyesha mengi, na kuna mengine haiyaonyeshi kabisa. Tofauti hiyo ndiyo ambayo mara nyingi huamua kama mtoto atatembea sawasawa au atachechemea maisha yake yote.

Röntgen alizaliwa Machi 27, 1845 katika mji mdogo wa Lennep, akiwa mtoto pekee wa mfanyabiashara wa vitambaa. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu, wazazi wake walihamia Apeldoorn, Uholanzi, na huko ndiko alikokulia. Hakuwa mwanafunzi wa kutajwa. Walimu walimkumbuka zaidi kama kijana aliyependa kutembea porini na kutengeneza vitu kwa mikono yake.

Mwaka 1862 aliingia shule ya ufundi mjini Utrecht, na hapo ndipo yalipomkuta makubwa. Inasimuliwa kwamba mwanafunzi mmoja alichora katuni ya kumdhihaki mwalimu, na Röntgen, aliyekutwa akiicheka, aliamriwa amtaje mchoraji. Alikataa. Adhabu yake ilikuwa kufukuzwa, na kwa sababu hiyo hakupata cheti cha kumaliza sekondari ambacho vyuo vikuu vingi vya wakati huo vilikitaka kabla ya jambo lolote.

Mlango uliofunguka ulikuwa wa chuo cha ufundi cha Zürich, Uswisi, kilichokubali kumpokea bila cheti hicho mwaka 1865. Alihitimu uhandisi wa mitambo mwaka 1868 na mwaka uliofuata akapata udaktari wa falsafa kwa utafiti wake kuhusu gesi. Mwalimu wake, August Kundt, ndiye aliyemvuta aache mitambo na kushika fizikia, akamfanya msaidizi wake na kuhama naye kwenda Würzburg.

Chuo Kikuu cha Würzburg kilimkatalia nafasi ya kufundisha kwa sababu ya kile cheti cha Utrecht. Mwalimu na msaidizi wakafungasha tena, safari hii kwenda Strasbourg, na huko ndiko Röntgen alikopata ruhusa ya kufundisha mwaka 1874. Baadaye alikuwa profesa Hohenheim, akarudi Strasbourg, kisha akakaa Giessen tangu mwaka 1879. Mwaka 1888 Würzburg wenyewe wakamwita kuwa profesa wao wa fizikia, na mwaka 1894 wakamchagua kuwa mkuu wa chuo kilekile kilichomfungia mlango.

Akiwa Zürich alikutana na Anna Bertha Ludwig, binti wa mwenye mgahawa, aliyemzidi umri kwa miaka sita. Walioana Januari 1872. Hawakujaaliwa mtoto wa kuzaa, na mwaka 1887 walimchukua na kumlea mpwa wa Bertha, msichana wa miaka sita. Bertha ndiye ambaye mkono wake ungekuja kujulikana dunia nzima.

Jioni ile ya Novemba 1895 Röntgen alikuwa akipitisha umeme wa nguvu kubwa ndani ya bomba la kioo lililoondolewa hewa, jaribio lililokuwa likifanywa na wanafizikia wengi wa Ulaya. Bomba alikuwa amelifunika kwa karatasi ngumu nyeusi ili mwanga usitoke, na chumba kilikuwa giza. Hatua chache kutoka hapo, ubao mdogo uliopakwa kemikali ya bariamu ukaanza kung'aa. Kitu fulani kilikuwa kimepenya karatasi nyeusi, kikavuka hewa na kuufikia ubao.

Wengine kabla yake huenda walipita karibu na jambo hilo bila kulitambua. Yeye alijifungia maabara kwa takriban wiki saba, akila na hata kulala humo, akiweka mbele ya bomba kila kitu kilichomjia mkononi: vitabu, mbao, mpira, madini ya kila aina. Aliona kwamba karatasi na ubao hupitisha mionzi hiyo kwa urahisi, risasi huizuia, na nyama ya mwili huipitisha zaidi kuliko mfupa. Kwa kuwa hakujua mionzi hiyo ni nini hasa, aliipa jina la herufi ambayo wanahisabati huiweka mahali pa kitu kisichojulikana, yaani X. Kutoka hapo ndipo Waswahili walipopata neno eksirei.

Desemba 22, 1895 alimwita mkewe maabara, akamwomba aweke mkono juu ya bamba la picha, na mionzi ikapita kwa muda wa takriban dakika 15. Bamba liliposafishwa ilionekana mifupa ya vidole, na pete ikielea kwenye kidole kimoja. Inasimuliwa kwamba Bertha hakufurahi. Aliona kama ameonyeshwa kifo chake mwenyewe.

Siku sita baadaye Röntgen alikabidhi taarifa yake fupi kwa chama cha wanasayansi na madaktari wa Würzburg. Siku ya mwaka mpya alituma nakala na picha kwa wenzake katika nchi kadhaa. Januari 5, 1896 gazeti moja la Vienna lilichapisha habari hiyo, na katika muda wa siku chache ikawa imezagaa duniani. Katikati ya mwezi huohuo aliitwa Berlin kufanya maonyesho mbele ya Mfalme Wilhelm wa Pili, aliyemvisha nishani.

Mfalme huyo si mgeni katika historia ya Kilimanjaro. Oktoba 1889, Mjerumani Hans Meyer alipofika kilele cha Kibo pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria, alikibandika kilele hicho jina la Mfalme Wilhelm, jina lililodumu katika ramani hadi Tanganyika ilipojitawala na kilele kikaitwa Uhuru. Mwaka 1893 majeshi ya mfalme huyohuyo yalimshinda Mangi Meli wa Moshi. Kwa hiyo maabara ya Würzburg na mlima wa Wachagga vilikuwa chini ya dola moja, ingawa si kwa masharti yaleyale.

Januari 23, 1896 Röntgen alitoa mhadhara wa hadhara mjini kwake, akaupiga picha mkono wa mtaalamu mzee wa maumbile ya mwili, Albert von Kölliker, ambaye papo hapo alipendekeza mionzi hiyo iitwe kwa jina la mgunduzi. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Röntgen mwenyewe aliendelea kuiita X. Aliandika taarifa tatu tu kuhusu mionzi hiyo, ya mwisho mwaka 1897, na hakutaka kuongeza maneno pale ambapo vipimo vyake vilikoma.

Madaktari hawakungoja taarifa hizo tatu ziishe. Katika majuma ya mwanzo ya mwaka 1896 tayari walikuwa wakitafuta risasi na sindano zilizozama mwilini na kukagua mifupa iliyovunjika. Mwaka 1898 daktari wa jeshi la Uingereza, John Battersby, alifika na mashine mbili kando ya mto Nile nchini Sudan, akawachunguza majeruhi wa vita katika joto kali. Umeme wa kuchaji betri ulizalishwa na askari waliokanyaga baiskeli ya watu wawili. Kabla ya hapo, mpasuaji aliyetaka kujua kilichomo ndani ya kidonda cha mfupa alichomeka chuma chembamba na kupapasa.

Hakuna mgonjwa aliyepapaswa namna hiyo kwa mateso kuliko mtoto mwenye usaha wa mifupa.

Maradhi hayo huanza kimyakimya. Bakteria, mara nyingi wa aina ya stafilokokasi, huingia katika damu, pengine kupitia jipu au mchubuko ambao familia imekwisha kuusahau. Hutua karibu na ncha ya mfupa mrefu, hasa sehemu zilizo jirani na goti, mahali ambapo mfupa wa mtoto unakua na damu hupita polepole. Usaha ukishatunga hutafuta njia ya kutoka, huinua utando unaoufunika mfupa, na mfupa ulionyimwa damu huanza kufa.

Dalili ni homa, mtoto kukataa kukanyaga, na maumivu makali akiguswa mahali pamoja. Lakini watoto huanguka kila siku, wakicheza mpira au wakiteremka miteremko ya mlimani. Ni rahisi kwa familia kuamini kwamba ameteguka, na mguu ukapelekwa kwa mchuaji badala ya daktari. Kuchua hakuondoi usaha, na siku zinazopotea hapo hazirudi. Watoto wenye selimundu wako katika hatari zaidi, tena kwao maumivu ya mifupa ni jambo la mara kwa mara, hivyo hata daktari anaweza kudanganyika.

Hapa ndipo picha ya Röntgen inapohitaji kusomwa kwa tahadhari ya Röntgen mwenyewe. Katika siku 10 hadi 14 za mwanzo, eksirei ya mfupa wenye usaha inaweza kutoka safi kabisa. Sababu imo katika majaribio yaleyale ya Würzburg: mionzi huzuiwa na madini ya mfupa, wala usaha hauizuii kuliko nyama iliyo jirani yake. Mpaka theluthi moja hadi nusu ya madini ya sehemu hiyo iwe imeliwa, kivuli katika picha hubaki kilekile.

Mzazi aliyeuza ndizi ili apate nauli na gharama za kipimo, akaambiwa kwamba picha haina kitu, anaweza kurejea nyumbani akishukuru Mungu. Baada ya wiki mbili au tatu mguu hutoboka na kutoa usaha. Picha haikusema uongo; ilijibu swali la mfupa, nalo lililokuwa la haraka lilikuwa swali la usaha.

Hata hivyo picha hiyo ya kwanza si kazi bure. Huonyesha kama mfupa umevunjika, hutoa fununu ya uvimbe wa saratani, ambao kwa mtoto unaweza kujifanya usaha, na hubaki kuwa kipimo cha kulinganishia picha zitakazofuata. Kwa hiyo hupigwa, lakini haiachiwi kutoa hukumu peke yake. Homa, vipimo vya damu na mkono wa daktari anayeugusa mguu taratibu vina uzito mkubwa kuliko picha safi ya siku ya tatu.

Kipimo cha ultrasaundi kimeziba sehemu ya pengo hilo. Mashine yake haitoi mionzi, gharama yake ni ndogo, na huweza kuonyesha usaha chini ya utando wa mfupa au maji yaliyojaa ndani ya nyonga katika siku za mwanzo. MRI huona mapema zaidi, hadi ndani ya uboho, lakini ni ghali, na mtoto mdogo mara nyingi hulazimika kupewa dawa ya usingizi ili atulie ndani yake.

Usaha ukiwa ndani ya kiungo chenyewe, hasa nyonga ya mtoto mchanga, saa zinahesabiwa. Gegedu, ile sehemu laini inayofanya mifupa iteleze, huanza kuharibika mapema mno. Daktari mwenye mashaka huingiza sindano kuvuta maji yaliyomo, na akiona usaha hufungua kiungo na kukiosha. Kumngojesha mtoto huyo eti mpaka ipatikane picha nzuri zaidi ni kumwongezea ulemavu.

Kwa mtoto aliyecheleweshwa mambo hugeuka kabisa, na eksirei ya kawaida, ya bei nafuu, inarudi kuwa chombo kikuu. Kipande cha mfupa kilichokufa huonekana cheupe kuliko mfupa hai unaokizunguka, kimetengana nao kama jiwe ndani ya tundu. Kandokando yake mwili hujenga ganda la mfupa mpya. Mpasuaji hupiga picha kwa mbele na kwa ubavuni, ikichukua kiungo cha juu na cha chini, akihesabu ganda hilo limefikia wapi.

Akikitoa kipande kilichokufa kabla ganda halijawa imara, mguu hubaki bila mhimili. Unaweza kuvunjika au kuacha pengo lisilojijaza. Akichelewa mno, usaha huendelea kutoka na unaweza kuharibu sehemu ya kukulia, mguu mmoja ukabaki mfupi. Kwa hiyo kuna watoto wanaorudishwa nyumbani na dawa na tarehe ya picha nyingine baada ya wiki au miezi kadhaa. Wazazi huona kama wanazungushwa. Katika hatua hiyo, kungoja ni sehemu ya tiba, na picha ndiyo inayotoa kibali cha kisu.

Kusoma vivuli vya namna hiyo kunataka watu waliofundishwa. KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na mwishoni mwa miaka ya 1980 alifika hapo bingwa wa radiolojia, Helmut Diefenthal, mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa amefanya kazi Minnesota, Marekani. Alianzisha mafunzo ya usomaji wa picha ambayo wanafunzi wake walijumuisha maafisa tabibu wasaidizi, watu wasio na shahada ya udaktari. Mtu aliyezuiwa kufundisha kwa kukosa cheti cha sekondari pengine asingekuwa na neno la kulalamikia mpango huo.

Röntgen alichangia jambo jingine ambalo hospitali za mlimani zinalifaidi bila kulitaja. Hakuuwekea ugunduzi wake hataza. Kwa maoni yake ulikuwa mali ya watu wote, na yeyote aliyeweza kutengeneza mashine aliruhusiwa kuitengeneza bila kumlipa hata senti. Alikataa pia cheo cha ukabaila alichopewa, akabaki na jina lake bila nyongeza.

Mwaka 1900 alihamia Chuo Kikuu cha Munich. Desemba 1901 alipokea mjini Stockholm Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa ya fizikia, hakutoa mhadhara, na fedha za tuzo akazikabidhi kwa Würzburg zisaidie sayansi. Wakati huo watu waliochezea mionzi bila kinga walikuwa wameanza kuungua ngozi. Clarence Dally, msaidizi wa mvumbuzi Thomas Edison wa Marekani, alifariki dunia mwaka 1904 baada ya kukatwa mikono yote miwili kwa saratani. Kumbukumbu hiyo ndiyo inayowafanya wataalamu wasipige picha za mtoto ovyo, kwani mwili unaokua hudhurika na mionzi kwa urahisi zaidi.

Miaka ya mwisho ya Röntgen ilikuwa ya huzuni. Bertha aliugua kwa muda mrefu, mume akimuuguza, na alifariki mwaka 1919. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha kwa kushindwa kwa Ujerumani, na mfumuko wa bei uliofuata ukayeyusha akiba yake. Profesa ambaye ugunduzi wake ulikuwa ukitajirisha viwanda aliishi kwa kubana matumizi, akipumzika katika nyumba yake ya mashambani Weilheim na, alipoweza, katika milima aliyoipenda tangu ujana.

Alifariki dunia mjini Munich Februari 10, 1923 kwa saratani ya utumbo, akiwa na umri wa miaka 77. Ugonjwa huo kwa kawaida hauhusishwi na mionzi aliyoigundua. Kwa wosia wake, barua na daftari nyingi za utafiti zilichomwa moto, na majivu yake yakazikwa Giessen, katika kaburi la wazazi wake na mkewe.